Fundi wa Redio na Muziki wa Kutwa

Watu wa Mukuyuni wakianza kumzungumzia Fundi wa redio, huanzia kwenye wazimu. Ati alikuwa na mikono mizuri mpaka kichwa kikaingia maji. Ati alirogwa na jamaa wa Kitui ambaye yeye Fundi alimharibia redio. Nimewasikia sokoni, matangani, hata kwenye mikutano ya wazazi, na nimechoka. Mimi nilikuwa mwalimu wa kike wa shule ya msingi pale, tena mwalimu wa kwaya ya kanisa letu, na chumba chake cha kazi kilipakana na darasa tulilofanyia mazoezi. Nilimsikia kupitia ukuta kwa miaka tisa. Kama kuna mtu mwenye haki ya kusema habari zake ni mimi, na wazimu sikuuona.

Nilichokiona ni mwanamume mfupi mwenye koti la kaki lenye matundu ya moto kifuani, kwa sababu ya kile chuma cha kuunganishia nyaya. Unampelekea redio yako imekufa, anaifungua, anagusa hapa, anagusa pale, inalia. Wewe unataka uende zako. Yeye hakuachii. Anazungusha mshale wa stesheni mpaka pale katikati, pasipo na mtangazaji wala wimbo, palipo na mvumo na kukwaruza tu, halafu anakuuliza, "Unasikia nini?"

"Kelele."

"Sikiliza tena."

"Fundi, nimeacha ng'ombe huko nje."

"Ng'ombe amefungwa. Sikiliza."

Wengine walijifunza kumdanganya ili awaachilie. Walisema wanasikia maji, au ndege, au malaika. Aliwajua wote. Lakini mama mmoja wa upande wa Wote alisogeza sikio hadi kwenye spika, kisha akasema anasikia mtu akifagia uwanja mkubwa, mbali, na mtu huyo hana haraka. Fundi alimtazama sana. Tangu siku hiyo redio ya mama yule haikukaa foleni, ilikuwa ikifika inatengenezwa kwanza, hata kama yako ilikuwa pale tangu juzi.

Alikuwa na usemi wake: "Kelele ni sauti ambayo hujaisalimia." Na kwetu Ukambani kupita mtu bila salamu ni jambo zito, kwa hiyo usemi huo uliwauma watu kuliko walivyotaka kukubali.

Kupitia ukuta ule nilisikia mambo ambayo hakuna mwalimu wa kwaya angepaswa kuyasikia. Aligundua kwamba ukizisogeza redio mbili karibu, zinaanza kupigiana mluzi, na ukipitisha mkono wako juu yake mluzi unapanda na kushuka bila wewe kugusa chochote. Basi jioni nzima ni mluzi huo. Halafu alikuwa na mashine ya utepe, zile za zamani za magurudumu mawili. Alikata utepe, akauunganisha ncha kwa ncha uwe duara, akauzungushia chupa za soda alizozipanga chumbani, ili maneno yaleyale yarudi na kurudi. Siku moja aliendesha baiskeli mpaka Emali, akakaa stesheni kutwa akisubiri garimoshi la mizigo, akanasa sauti yake kwenye utepe likipita. Tulifanya mazoezi ya wimbo wa Pasaka wiki mbili huku treni ikipita nyuma ya ubao.

Usidhani alikuwa mtu wa kupendeka. Alikuwa na mdomo. Mwaka tulioshinda mashindano ya kwaya za wilaya tulirudi tumevimba vichwa, nami nikapita mlangoni kwake makusudi ili anipongeze. Aliendelea kukaza skrubu. Nikamwuliza, "Fundi, kwani hukutusikia?"

"Niliwasikia. Ni watu thelathini wanaoogopa kukosea."

Niliondoka bila kuaga. Wiki nzima niligombana na wanafunzi wasio na hatia, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu baadaye lilifanya kazi yake moyoni mwangu, na sitaki mtu anione mtakatifu.

Yeye mwenyewe hakuweza kuimba hata kidogo. Jumapili aliketi benchi la tatu upande wa wanaume, na ungemsikia akiburuta wimbo upande wake peke yake, nusu hatua chini ya wenzake. Alisema Mungu alimpa masikio akasahau koo. Lakini alikuwa mtu wa ibada kwelikweli. Hakuwahi kukosa maombi ya Jumatano, hakunywa, hakugusa ugoro, na kila Jumamosi alikuja kukagua kipaza sauti cha kanisa. Kwa ajili ya kazi hiyo ndiyo wazee wa kanisa walimpa kile chumba, kwenye ploti ya kanisa iliyokuwa na shule pia, akitumie bila masharti. Mwenyekiti wa wazee alimpenda sana siku hizo. Alimwita "mwanangu" mbele ya watu, ingawa umri wao haukupishana hivyo.

Jambo moja lilimfanya Fundi awe mgumu kuliko mwamba, nalo ni majina ya vitu. Ukisema "waya" wakati ni "kondesa", atasimamisha kazi akurekebishe. Na kile alichokuwa akikitengeneza jioni zile, yeye alikiita muziki. Si majaribio, si ufundi, si mchezo. Muziki. Hapo ndipo balaa lote lilipoanzia, na watu wanaosema alirogwa hawajui kwamba mtu anaweza kuharibikiwa kwa ajili ya neno moja alilokataa kulibadilisha.

Alitaka kufanya siku nzima ya muziki huo, na picha zake, mbele ya watu. Siku zile hukuweza kukusanya watu hata kumi bila kibali, kwa hiyo alikwenda kwa Chifu. Chifu hakuwa mtu mbaya, na mazungumzo yao niliyapata kutoka kwake mwenyewe Chifu.

"Mkutano wa nini?"

"Muziki."

"Kwaya?"

"La."

"Ngoma ya kienyeji?"

"La."

"Basi ni dansi ya magitaa."

"Hakuna gitaa."

"Sasa hiyo ni muziki ya nini, Fundi?"

"Ya kusikiliza."

"Na nani ataimba?"

"Hakuna wa kuimba."

Chifu akamwambia, bila ubaya wowote, waandike maonyesho ya redio wamalize, muhuri uko pale mezani. Fundi akakataa. Chifu akasema basi aende kwa D.O., mkubwa wake wa tarafa. Akaenda kwa baiskeli, juani, mwaka ule wa ukame ambao hata mbuzi walikuwa wakila katoni. Akarudishwa. Akaenda tena, akarudishwa tena. Nilikutana naye njiani akisukuma baiskeli yenye pancha, nikamwambia, "Si uandike tu redio? Karatasi itakula nini kwako?"

"Mwalimu, nikiandika redio leo, kesho wataniuliza habari ziko wapi."

Safari ya tatu karani alimchoka, akaandika "muziki, mengineyo", akapiga muhuri. Fundi alilalamikia hilo "mengineyo" mwezi mzima.

Alipewa ghala la pamba lililo nyuma ya soko, kwa kuwa msimu ulikuwa bado na pamba yenyewe ilikuwa imekauka shambani. Mukuyuni haikuwa na stima. Sauti zake zilitumia betri za lori alizoazima Emali, lakini picha zilihitaji mwanga mkali, na mwanga mkali wa bure ni mmoja tu. Alipanda juu ya paa la mabati akaziba kwa lami kila tundu la msumari, akabakiza matatu: moja la jua la asubuhi, moja la adhuhuri, moja la alasiri. Ndiyo sababu ilikuwa lazima muziki uwe wa kutwa. "Picha zangu zinakula jua," aliniambia. "Likizama, nazo zinazama."

Siku yenyewe ilikuwa ya soko. Niliwaambia wenzangu naenda kununua maharagwe, nikaingia ghalani kwa nia ya kukaa dakika tano. Ndani palikuwa giza, na watu wamejaa, maana waliposikia muziki walikuja tayari kucheza. Spika alizitia ndani ya mitungi ya maji, ile mikubwa ya udongo, ili sauti nene ipate tumbo. Spika moja aliilaza ikitazama juu, na juu yake akaweka karai jeusi lenye maji. Mke wake, mwanamke mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza zaidi ya salamu, alikaa kwenye gogo ameshika kioo.

Jua likaingia kupitia tundu la kwanza, fimbo moja ya mwanga. Mke akaelekeza kioo, mwanga ukaruka ukaangukia karai, ukadunda kutoka kwenye maji ukapanda kwenye shuka kubwa la amerikani lililotundikwa ukutani. Hapo ulikuwa ni mwanga tu uliotulia. Fundi akafungua sauti, chini kabisa, ile ya mitungi ambayo unaisikia kwanza kwenye miguu. Maji yakatetemeka. Na kwenye shuka likatokea duara, ndani yake duara, ndani yake jingine, yote yanapumua. Akapandisha sauti kidogo, maduara yakavunjika yakawa nyavu, nyavu zikawa vitu ambavyo sina majina yake hadi leo. Ulichokisikia ndicho ulichokiona, wakati uleule. Juu ya hayo akaleta mluzi wa redio zake, akiuongoza kwa mkono mtupu hewani, kisha treni ya Emali ikaanza kupita na kupita.

Wengi hawakupenda, nisidanganye. Mwenye bucha alisema kwa sauti, "Hii redio si imeharibika tu?" akatoka, na nusu ya watu wakamfuata wakicheka. Waliobaki wengi wao walikuwa akina mama waliokuja sokoni bila kitu cha kuuza, kwa sababu ya ukame, wakaona afadhali kukaa kivulini. Walikaa juu ya magunia. Mwanzoni walinong'onezana, kisha wakaacha. Mimi nilishikwa na woga, halafu na hasira, halafu nikasahau nimekasirikia nini. Dakika tano zilipita bila mimi kuziona. Mke wa Fundi alikuwa akisogeza kioo kidogo kidogo kulifuata jua, na ilipofika saa sita mkono wake ulikuwa umekufa ganzi, lakini mtu alipojitolea kumpokea alikataa kwa kichwa, akabadilisha mkono.

Mbele kabisa aliketi kikongwe tuliyemwita Susu, yaani bibi. Kila mtu alijua kwamba kabla ya kubatizwa, Susu aliongoza kilumi, ile ngoma ya zamani ya kutuliza mapepo na kuomba mvua. Kanisani kwetu hakuna kosa lililoogopwa kama kilumi. Ukikamatwa umeicheza, unatengwa: unakaa benchi la nyuma, hupewi meza ya Bwana, huimbi kwaya, mpaka uungame mbele ya watu wote. Sasa adhuhuri, sauti za mitungi zilipokuwa zikigonga polepole, mabega ya Susu yakaanza kwenda. Hakusimama. Ni mabega tu, kushoto, kulia, macho wazi. Nikageuka, nikamwona Mwenyekiti wa wazee mlangoni. Alitazama mabega yale, akatazama mitungi, akaenda zake.

Alasiri mwanga ulianza kufifia kabla ya wakati wake. Picha zikakonda kwenye shuka, zikafa. Fundi akatazama juu, amekasirika, akidhani mtu amekalia tundu. Kisha tukasikia bati likigongwa mara moja. Mara tatu. Halafu paa zima likashuka na kishindo, na watu karibu wote wakakimbilia nje wakipiga vigelegele, maana mvua ilikuwa haijaonekana tangu mwaka uliotangulia.

Fundi hakutoka. Tulibaki ndani watano: yeye, mkewe na kioo chake mapajani, Susu, mimi, na mzee mmoja aliyekuwa amelala. Fundi aliinamisha kichwa akasikiliza bati. Kisha akaanza kupunguza sauti zake, moja baada ya nyingine, mpaka zikawa chini ya mvua, zikiifuata. Mvua ikikaza, mitungi inanyamaza. Mvua ikilegea, mluzi unapenya hapohapo. Hakuna aliyekuwa akimwona isipokuwa sisi. Nilikaa pale maharagwe yangu yakiwa hayajanunuliwa, na machozi yalinitoka, nami si mtu wa kulia. Nilijua ule ni muziki. Nilijua kwa yakini, kama ninavyojua do ni do.

Mvua ilipopungua nilimwuliza Susu kwa sauti ndogo kama ile ilikuwa kilumi. Alinicheka. "Kilumi naijua, mtoto wangu. Hii siijui. Lakini imenikalia hapa," akashika kifua. Huyo ndiye aliyekuwa mtaalamu wa kilumi katika lokesheni nzima, na hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kumwuliza.

Kesho yake watu wa vijiji vya juu walikuja na mbuzi, amefungwa kamba mpya. Walikuja kumshukuru Fundi kwa kuleta mvua. Mtu mwingine angemchukua mbuzi akanyamaza, mwaka ule wa njaa. Fundi aliwaambia, "Mvua ya Novemba hunyesha Novemba. Ingekuwa Agosti ndiyo mngekuja. Kama mbuzi huyu ni wa muziki, mwacheni. Kama ni wa mvua, mrudisheni." Walishauriana pembeni, wakamrudisha. Mke wake alisimama mlangoni akimtazama mbuzi mpaka alipopotea kwenye kona. Sikuusikia ugomvi wa usiku huo, lakini siku tatu Fundi alikula mkahawani.

Basi wazee wa kanisa wakamwita. Nami niliitwa, na nilijua kwa nini.

Tulikaa katika chumba cha nyuma ya madhabahu, wazee tisa, Fundi, na mimi. Mwenyekiti alizungumza kwa upole, tena kwa mapenzi, na ndiyo maana naona uchungu mpaka leo. Alimfungulia milango miwili. Akasema, "Mwanangu, watu wanasema umepiga kilumi, na mvua ikaja. Ungama, tuombe, yaishe. Ama useme ulikuwa unaonyesha watu ufundi wa redio tu, hakukuwa na ngoma yoyote, tufunge maneno. Moja kati ya hayo."

Fundi akasema, "Hakuna hata moja. Ulikuwa muziki."

"Muziki gani ambao hata kikongwe aliyebatizwa anarudishwa na mabega kwa mizimu?"

"Muziki ambao una mabega, Mzee."

Mmoja wa wazee alipiga meza. Mwenyekiti akainua mkono kumtuliza, kisha akanigeukia. "Tusigombane. Tuko na Mwalimu hapa. Katika kanisa hili ndiye anajua muziki, na alikuwa ndani tangu asubuhi. Tutafuata neno lake. Mwalimu, ule ulikuwa muziki?"

Neno moja tu. Nikisema ndiyo, mtu anarudi kwenye chumba chake na benchi lake. Nikisema la, basi ni kilumi. Niliwatazama wazee tisa. Niliwaza kwaya yangu, maana nilijua atakayemtetea atatiliwa shaka naye, na wangempa kwaya mtu mwingine. Hiyo ilikuwa nusu ya woga wangu. Nusu nyingine haikuwa woga. Nilikumbuka watu thelathini wanaoogopa kukosea, nikamwambia Fundi moyoni, sasa, bwana mkubwa, umenifikia mlangoni.

Nikasema, "Mimi ni mtu wa kwaya. Vitu vile sivijui."

Hakukasirika. Alichukua kofia yake magotini, akainama kidogo kwa wazee, akatoka.

Walimtenga. Jumapili iliyofuata tulitazamia akae nyuma, au asije. Alikuja mapema akaketi benchi lake la tatu. Mzee mmoja alipomwendea na kumnong'oneza, Fundi akasimama, na tukadhani anahama. Hakuhama. Alisimama palepale kando ya benchi, ibada nzima, saa mbili na nusu, mahubiri na matangazo na yote. Jumapili ya pili akafanya vilevile. Aliimba na sisi, nusu hatua chini. Watu walishindwa kufumba macho wakati wa maombi.

Wiki ya tatu wazee walisema wanakihitaji kile chumba cha kuwekea viti. Alipakia vitu vyake kwenye mkokoteni, betri na mitungi. Redio za watu alizokuwa hajamaliza alizigawa kwa wenyewe nyumba kwa nyumba, akaelekea barabarani kutafuta lori la Emali. Mkewe alitembea kando, ameshikilia mitungi isigongane. Walipita mbele ya darasa langu tukiwa mazoezini. Wanakwaya walinyamaza mmoja mmoja. Mimi niliwaambia waendelee.

Kwaya niliiongoza miaka mingine mingi. Tulipata vikombe, viko kabatini kanisani. Chumba cha Fundi kilijaa viti, kisha viti vikavunjika, kikajaa popo. Mvua zilikuja na kukosa kama kawaida yake. Na taratibu ile hadithi ya wazimu ikaanza, kwa sababu ni rahisi kuishi na jirani aliyepagawa kuliko jirani uliyemfukuza. Niliisikia ikikua. Mara nyingi nilikuwa nimesimama pale pale inaposimuliwa, na mdomo nilikuwa nao, sikuufungua.

Nilistaafu miaka ya tisini. Mtu akaniambia kuna mzee Kibwezi anatengeneza pampu za kunyunyizia mashamba kwa kusikiliza tu, ati anaweka ncha moja ya fimbo kwenye injini na nyingine kwenye meno, anakwambia ni nini kimekufa. Sikuuliza jina lake. Nilipanda gari nikashuka Kibwezi siku ya soko, mchana, nikauliza kwa Fundi.

Nilimkuta ameketi juu ya kreti karibu na barabara, kando ya mkewe aliyekuwa akiuza vitunguu. Nywele zake zilikuwa nyeupe pe, koti lilikuwa jingine lakini na matundu yake. Soko lilikuwa limefurika. Na palepale, wakichagua vitunguu vya kwenda kuuza kwetu, walikuwepo akina mama wawili wa kanisa letu la Mukuyuni, mmoja wao mwanakwaya wangu wa zamani. Walinisalimia kwa furaha, "Mwalimu, umefika huku?" Mke wa Fundi alinitambua. Aliendelea kupanga vitunguu.

"Fundi," nikasema. "Ni mimi."

"Nani?"

"Mwalimu. Wa kwaya, Mukuyuni."

Alitega sikio kwa kiganja. "Sema kwa nguvu. Masikio yameliwa na pampu."

Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Niliyapanga njiani tangu Emali: habari ya woga, habari ya kiburi changu, habari ya mvua ile. Maneno kama hayo husemwa kwa sauti ya chini, huwezi kuyapigia kelele sokoni. Ikabidi niyaache yote, nibaki na moja.

"Nimekuja kusema ulikuwa muziki."

"Eeh?"

"Nimesema ulikuwa muziki."

"Nini ilikuwa nini?"

Nikapaza sauti. "Ile siku ya ghala. Ulikuwa muziki." Wale akina mama wawili walisimama na vitunguu mikononi. Muuza viatu wa jirani akageuka.

"Ghala gani?"

"La pamba! Mukuyuni! Ulikuwa muziki, haukuwa kilumi, na mimi nilijua!"

"Nani anasema?"

"Mimi!"

Akatikisa kichwa polepole, kwa huzuni ya mtu asiyeelewa. Watu walikuwa wamesimama njiani sasa, wakiuliza mama huyu ana shida gani, mwanakwaya wangu wa zamani ameshika mdomo. Uso uliniwaka moto. Kando yake mkewe, bila kuinua macho, akasema kwa sauti ndogo kabisa, ile ya kujisemea mwenyewe, "Chai imepoa."

"Mimina nyingine," akajibu Fundi, bila kugeuka.

Nilimtazama. Naye alinitazama, kiganja bado kiko sikioni, uso mkavu, hana hata dalili ya tabasamu. Mkewe alikuwa ameinamia vitunguu, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Sijashika vizuri, Mwalimu," akasema. "Rudia."

Ningeweza kukasirika. Ningeweza kuchukua kikapu changu nikaenda zangu, na kila mtu pale angenielewa. Nilikiweka chini. Nikasimama wima, nikavuta pumzi kutoka tumboni jinsi nilivyowafundisha watu miaka yote ile, nikarudia tena, mpaka madereva wa malori upande wa pili wa barabara ya Mombasa wakageuka.